Jemedari na Meno ya Baba Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Jemedari, na mwenyewe hakuwahi kushika hata rungu. Puto likipasuka kwenye sherehe ya jirani, yeye ndiye wa kwanza kuinama. Mbwa akibweka upande huu wa barabara, anahamia upande ule. Akibweka na upande ule, anarudi nyumbani na safari anaiahirisha.

Jina lilitokana na chumba kimoja nyumbani kwake. Kilijengwa kiwe stoo, lakini ndani rafu zilipanda kutoka usawa wa goti mpaka darini, na juu ya rafu hizo lilikaa jeshi zima: vifaru vyenye minyororo na mizinga, magari ya deraya, malori ya kubebea askari, hata gari la wagonjwa lenye mlango mmoja uliokwama wazi. Vyote vya plastiki, na vyote vidogo, kiasi kwamba dereva wake, kama angekuwapo, angekuwa na urefu wa kidole kidogo cha mkono.

Kazi iliyomlisha ilikuwa meno. Alikuwa fundi wa meno ya bandia katika zahanati moja ya meno. Daktari alikaa chumba cha mbele na wagonjwa na mayowe yao; Jemedari alikaa chumba cha nyuma na nta, plasta na mota ndogo ya kusagia, akitengeneza meno meupe, yaliyonyooka, yanayofanana kama askari wa gwaride. Daktari aliyataka hivyo. Wateja waliyataka hivyo. Jemedari aliyatengeneza hivyo, na kila jioni alirudi nyumbani amechoka na weupe.

Nyumbani ndiko alikopumua. Kifaru kikitoka kwenye boksi huwa vipande vipande vilivyoning'inia kwenye fremu zake, mfano wa samaki aliyeliwa. Alivikata kimoja kimoja, akavipiga msasa, akavigandisha kwa gundi huku ameshika pumzi, kwa sababu gurudumu la kifaru likichomoka kwenye kibano halionekani tena mpaka mtu alikanyage peku. Kisha rangi. Kwanza alipaka rangi ya kutu. Juu yake akapuliza dawa ya nywele ya mkewe, ile ya kwenye kopo. Ikikauka, akapaka kijani cha jeshi. Halafu akalowesha maji na kusugua kwa brashi ngumu, kijani kikabanduka hapa na pale, kutu ikachungulia, na kifaru kilichozaliwa asubuhi kikaonekana kimeshapigana na dunia. Mkewe alichukua muda mrefu kujua kwa nini makopo yake yanaisha na nywele zake hazisimami.

Lakini kutu na rangi vilikuwa utangulizi tu. Utamu wenyewe ulikuwa kukitia umri. Hapo ndipo vilipotoka vumbi la chokaa, unga wa mkaa, rangi ya mafuta iliyozimuliwa, sponji iliyochanwachanwa, na udongo halisi aliouchota chini ya magari ya watu na kuuchekecha kwa chujio la chai. Na hapo alikuwa na sheria moja, ambayo angeweza kugombana na mtu kwa ajili yake, na yeye si mgomvi: uchafu lazima uwe na sababu.

"Huyu dereva wake mvivu," alimwambia mkewe siku moja, akinyoosha kijiti kuelekea kifaru. "Mfuniko wa mafuta haukazi. Ndiyo maana yametiririka upande huu peke yake."

"Mwambie aje afue nguo zake," mkewe akajibu, "maana na mimi nina zamu."

Mkewe alikuwa dobi. Chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilichokuwa duka lake la kufulia na kupigia pasi, na mtaani hapakuwa na doa lililowahi kumshinda. Wino, damu, mafuta ya gari, rangi ya mdomo kwenye kola ya mume wa mtu, yote aliyatoa, na siri akaitunza. Kwa hiyo kuishi na mwanamume anayechota tope kwa kijiko cha chai na kulipaka kwenye kitu kisafi kulimuuma kama jino.

"Nyumba moja," alikuwa akiwaambia wateja wake, "mmoja anatoa madoa, mwenzake anayatia. Mnashangaa hatuendelei?"

Sasa, siku moja Jemedari amerudi kazini, hajavua hata viatu, mkewe akamwambia bila kuinua macho kwenye pasi:

"Baba anakuja kukaa na sisi. Moja kwa moja."

"Karibu yake. Atalala wa..." Jibu lilimfikia kabla hajamaliza swali.

"Chumba cha vifaru kina dirisha," mkewe akasema.

"Na vifaru?"

"Vifaru havina shida na dirisha."

Jemedari akakaa juu ya furushi la shuka za mtu. Mkewe akamwonea huruma kidogo, akaisogeza pasi pembeni.

"Sikiliza. Baba ataingia humo humo na jeshi lako, tuone. Yeye ndiye atakayesema. Akisema havimsumbui, vibaki rafuni. Akisema vitoke, vinakwenda kwa watoto wa mdogo wangu, na sitaki kuona mtu mzima analia."

Watoto wa shemeji! Waliishi nyuma ya tangi la maji la mtaa, kikosi cha watoto wasiojua kushika kitu bila kukibandua. Walipokuja kutembea mara ya mwisho, mmoja wao alimeza gurudumu la gari la deraya. Gurudumu lilirudi kesho yake, shemeji akalileta limefungwa kwenye karatasi, na Jemedari akaliosha akalirudisha mahali pake. Lilikuwa gurudumu pekee kwenye gari lile ambalo hakuhitaji kulitia umri.

Baba mkwe alifika na begi moja na cherehani yake. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, mtu wa suruali iliyopigwa pasi mpaka mstari wake ungeweza kukata karatasi, na kiatu ambacho ungejiona ndani yake. Kasoro yake ilikuwa moja tu: mdomoni hamkubaki hata jino. Kwa hiyo alizungumza ameweka kiganja mbele ya midomo, na akichekeshwa aligeukia ukutani.

Akaingizwa chumbani. Akazitazama rafu kutoka chini kwenda juu, kisha kutoka juu kwenda chini.

"Mkwe," akasema nyuma ya kiganja, "haya magari mbona machafu hivi?"

"Yametoka vitani, baba."

"Vita gani hiyo isiyo na maji ya kuoshea?"

Mkewe Jemedari alitoka haraka akaenda kucheka jikoni. Mzee akapitisha kitambaa kwenye rafu ya karibu, akakitazama, akakikunja upande msafi nje. "Nitayavumilia kwanza," akasema. "Kwanza."

Neno hilo "kwanza" lilimkaa Jemedari kooni kama mfupa. Akawaza: nitampa nini mzee huyu mpaka alainike? Jibu lilikuwa wazi kama lile pengo lenyewe. Akampeleka kwa daktari, kinywa kikachukuliwa kipimo kwa plasta, na Jemedari akasema meno haya atayatengenezea mezani kwake nyumbani, kwa mkono wake, si ya gwaride.

"Nina ombi moja tu," mzee akamwambia. "Sitaki mtu ajue kwamba ni ya bandia. Watu wakijua, afadhali nibaki na kiganja changu."

Angejua anamwambia nani maneno hayo, asingeyasema.

Jemedari akamketisha kwenye kiti karibu na meza, vifaru vikiwatazama, akaanza kumhoji.

"Chai, baba, unakunywa ya namna gani?"

"Ya rangi. Nzito. Tangu nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi."

"Kutafuna, unatafunia upande gani?"

"Kushoto. Huu wa kulia jino lilinisumbua ujanani."

"Sigara?"

"Nilijaribu. Niliunguza suti ya mteja, nikaacha."

"Na uzi? Uzi ulikuwa unakata kwa mkasi au kwa meno?"

Mzee akamtazama kwa dharau ya kirafiki. "Wewe umewahi kumwona fundi anayeshika sindano mkono huu, nguo mkono ule, halafu anatafuta mkasi? Hapa," akagusa ufizi wa mbele. "Uzi ulikuwa unapita hapa hapa. Palilika mpaka pakawa na kimfereji."

"Palilika," Jemedari akarudia, na macho yakamng'aa kama ya mtu aliyeambiwa kuna urithi.

Mzee alidhani ni maswali ya kitabibu. Usiku huo alimsifu mkwe kwa binti yake: yule bwana ni makini, anauliza mpaka chai.

Jemedari akafanya kazi jioni baada ya jioni, akiifunika kwa kitambaa mzee akiingia kulala, na chumba cha mbele hakikumwona. Mara moja tu alimwendea mkewe akiwa na kikombe mkononi.

"Mke wangu, doa la chai linaanzia wapi? Linaanza juu likashuka, au linaanzia kwenye kona?"

"Kwenye kona na kwenye mshono," mkewe akasema. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali la ufundi wake, akaona fahari. "Chai inapenda mahali pa kujificha. Katikati huwa panaoshwa na maji. Kwa nini unauliza?"

"Kuna gari," Jemedari akasema, akaondoka.

Siku ya kukabidhi, walikaa sebuleni watatu. Mzee alivaa koti. Jemedari akafungua kitambaa cheupe taratibu, na kwa kweli hakuna kazi aliyowahi kuifanya iliyoikaribia hii. Meno hayakujipanga kama gwaride. La pembeni lilimwegemea mwenzake kidogo, kama mtu aliyesubiri foleni mpaka akachoka. Upande wa kushoto yalikuwa yamelika kwa kutafuna. Shingoni mwa kila jino palikuwa na rangi ya chai, hudhurungi inayofifia kwenda juu, imejificha konani haswa. Jino moja lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Na mbele, pale pale alipogusa mzee, palikuwa na kimfereji cha uzi.

Mzee akayavaa. Yakakaa. Akachukua kioo cha mkono, akajitazama. Akajitazama tena kwa upande. Akashusha kioo.

"Mkwe."

"Naam, baba."

"Alikufa lini?"

"Nani, baba?"

"Mwenye meno."

Jemedari hakuelewa. Akacheka kidogo, ili kupisha mzaha upite. Mzee hakucheka. Alikuwa ameyatoa na kuyashika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeshika mkia wa panya.

"Baba, ni mapya. Sijawahi kumpa mtu. Mimi ndiye... nimeyatia umri."

"Umri!" Mzee alisahau hata kiganja. "Umri ninao wa kutosha! Nimekuja kwako kuomba meno, sikuja kuomba umri! Meno yameliwa, yamenywewa chai, yamepasuka, unaniambia mapya? Huyu alikuwa fundi mwenzangu huyu, naona mpaka uzi wake!"

"Ni uzi wako, baba. Ulinieleza mwenyewe."

"Nilikueleza nilivyoharibikiwa, si kwamba uniharibie tena!" Akamgeukia binti yake. "Mama, hebu yaoshe haya. Wewe hakuna doa linalokushinda."

Mkewe Jemedari akayachukua, akaenda nayo karoni. Akaanza na sabuni. Akaja na ndimu. Akaja na magadi, kisha na ile dawa ya unga anayoitumia kwa wino, ambayo huitoa kwenye mtungi wake mara chache sana. Jemedari alisimama mlangoni na moyo umemgawanyika vipande viwili, kimoja kinaomba doa litoke amani irudi, cha pili kinaomba ling'ang'anie.

Likang'ang'ania. Mkewe akainua uso, jasho linamtoka.

"Umetia nini humu?"

"Nimelifunika," Jemedari akasema kwa sauti ndogo. "Rangi iko chini, juu yake kuna tabaka jingine. Haitoki."

"Haitoki?" Mkewe akamtazama kama aliyesalitiwa. Maisha yake yote ya karoni, na doa la kwanza kumshinda limetengenezwa na mumewe, kwa maelekezo yake mwenyewe kuhusu kona na mshono.

Hukumu ikatoka jioni hiyo hiyo. "Mama," mzee akasema, kiganja kimerudi mdomoni, "magari yatoke. Mtu anayechukua kitu kipya akakichafua makusudi, mimi siwezi kulala katikati ya kazi zake. Nitaota tope."

Jemedari akapakia jeshi lake kwenye makatoni ya sabuni ya mkewe. Hakulia, kwa sababu mkewe alishasema hataki kuona mtu mzima analia. Alikifunga kila kifaru kwenye gazeti kama mtoto anayelazwa. Mwishoni yalibaki yale meno mezani. Kuyatupa mkono ulikataa, kuyaacha yaonekane aliona aibu, basi akayaviringisha kwenye pamba akayachomeka nyuma ya lori la askari, chini ya turubai. Shemeji akaja na toroli akabeba vyote, anashukuru mpaka njiani.

Zahanatini, Jemedari akamtengenezea baba mkwe meno ya kawaida. Meupe. Yamenyooka. Alimaliza mapema tu, maana hayakuwa na sababu yoyote. Mzee akayavaa, akajitazama kiooni, akatabasamu bila kuficha, na akamwambia mkwe wampitie kinyozi wakanyoe ndevu, watu wamwone.

Kwa kinyozi ndiko mtaa ulikokuwa unakutana. Palikuwa na benchi refu la wanaosubiri, na la wale ambao hawasubiri chochote, na wote ni wasemaji. Mzee akaingia, akasimama katikati, akawapa tabasamu lote.

"Shikamooni... aa, habari za hapa?" akasema, salamu ikimteleza kwenye meno mageni.

Mkasi wa kinyozi ukasimama hewani.

"Marahaba... shikamoo mzee," kinyozi akajikwaa. "Karibu. Jamani, nani amewasha taa ya pili?"

Benchi likaanza kutikisika.

"Mzee," akasema mmoja kwa adabu kubwa, "samahani, kwani leo umekuja nayo, au yenyewe ndiyo yamekuja na wewe?"

"Acheni utovu wa nidhamu," mwingine akasema. "Mzee ameweka vigae. Kila mtu ana haki ya kukarabati."

"Vigae vya bafuni hivyo, naona hata mshono hauna doa."

Jemedari alitamani sakafu immeze. Mzee alinyolewa kiganja kikiwa juu ya mdomo, mpaka kinyozi akashindwa kufikia kidevu. Walipofika nyumbani mzee akasimama, akaweka mkono kwenye fremu ya mlango kama mtu anayejiegemeza.

"Mkwe."

"Naam, baba."

"Yale ya marehemu yako wapi?"

Jemedari akamweleza. Mzee akafumba macho.

"Kwenye lori."

"Chini ya turubai, baba."

"Na lori liko kwa wale watoto."

"Ndiyo, baba."

Mtu asiseme mzee hana mbio. Walizunguka tangi la maji, mzee mbele, Jemedari nyuma, na mkewe Jemedari, aliyewaona wanapita dirishani, akatoka na pasi mkononi akiuliza nani amekufa. Akaungana nao.

Uani kwa shemeji vita vilikuwa vimepamba moto. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, na watoto walikuwa wamechimba handaki kwa kijiko. Kifaru kimoja kilizama mpaka mzinga. Kingine kilivutwa kwa kamba na kimepoteza mnyororo. Katikati ya barabara ya tope, msichana mkubwa wao alikuwa akisukuma lori la askari, taratibu, akipiga honi kwa mdomo, na nyuma ya lori, turubai limechanika, meno ya mzee yalikuwa yanasafiri.

"Babu, usipite hapo!" akafoka. "Hawa ni majeruhi, nawapeleka hospitali!"

"Mimi ndiye hospitali," mzee akasema, akainama, akayachukua.

Mkewe Jemedari aliyaosha bombani, mara hii bila ndimu. Mzee akageukia ukutani, akavua yale meupe akayatia mfukoni mwa koti, akavaa yale ya marehemu. Akageuka. Hakuwa na kioo, basi akamtazama binti yake. Na binti yake akaziba mdomo kwa mkono, maana aliyesimama pale alikuwa baba yake wa zamani, yule wa dukani, mwenye uzi begani.

"Sema kitu, baba," akamwambia.

"Niseme nini? Ulimi umefika nyumbani," mzee akasema, na kila neno lilitoka limenyooka.

Hakungoja. Alirudi kwa kinyozi siku hiyo hiyo, ndevu hazijaota hata kidogo. Jemedari akamfuata, akabaki mlangoni.

"Aaa, mzee!" Kinyozi akashusha mkasi. "Afadhali umevua yale madubwana. Si unaona? Mtu na meno yake."

"Ya kwako mazuri tu, mzee," wa benchi akaunga mkono. "Nani alikudanganya uyafunike?"

"Mkwe wangu," mzee akasema, akimnyooshea Jemedari kidole. "Si mnamjua? Huyu kazi yake kuharibu." Akacheka kichwa kimeenda nyuma, kinywa wazi, mikono yote miwili magotini.

Vifaru vikarudi kwenye toroli lile lile, watoto wakilia kwa zamu, wakatulizwa kwa kupewa yale meupe yawe lango la kambi. Jemedari akavipanga mezani kuangalia hasara. Hapo akapatwa na jambo ambalo hakulitegemea. Kifaru kilichozama handakini kilikuwa na tope lililokauka kwa mawimbi, likapasuka kona kona, likaacha mstari pale maji yalipoishia. Kamba ilikuwa imekwangua rangi kwa mshazari. Alama ya kidole gumba cha mtoto ilikuwa imeganda kwenye mlango. Kila doa na sababu yake! Miaka yote ya chujio na kijiti hakuwahi kufikia hapo. Alikaa anakitazama kwa kioo cha kukuzia, hajui alie au aige.

"Mama," mzee akamwita binti yake kutoka kitandani kwake, kitanda kilichobanwa kati ya rafu mbili, "magari yabaki."

"Umeyazoea, baba?"

"Sijayazoea. Lakini siwezi kusema yatoke huku nimevaa ndugu yao." Akanyoosha mkono akachukua lori. "Ila hili turubai ni aibu. Mkwe, hiki ni kitu gani?"

"Karatasi ya shashi, baba. Nimeipaka gundi."

"Karatasi! Askari wananyeshewa kwenye karatasi! Halina pindo, halina tundu la kamba. Mama, nitafutie kipande cha bitana, kile cha kijani."

Akavuta cherehani, akaona haifai kwa kitu kidogo hivyo, akachukua sindano. Alishona turubai lenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, lenye pindo kila upande, kwa mishono ambayo Jemedari aliihesabu kwa kioo cha kukuzia. Mkono mmoja sindano, mkono mwingine nguo. Alipomaliza, bila kufikiri, aliinamisha kichwa, uzi ukaingia kwenye kimfereji chake.

Tak.

Jemedari akaacha brashi. Akasogeza kiti karibu, karibu zaidi, kioo mkononi.

"Baba, hebu fungua mdomo kidogo."

"Kuna nini tena?"

"Hapo shingoni mwa jino la pili. Kuna doa jipya la chai juu ya langu. La kweli." Akafuta kioo kwa shati. "Silitofautishi. Baba, hili ni lako au ni langu?"

"Mume wangu," mkewe akasema toka mlangoni, na mkononi ameshika nusu ya ndimu, "hebu nipishe. Hilo la kweli mimi natoa."

"Thubutu!" wakasema wanaume wote wawili kwa pamoja, na mzee akafunga mdomo.